Joto la Gari la Pasikali

Kibondo, Jumatatu, 1 Machi 1976

Leo tumewahamisha kuku. Kwa miaka minne wametagia kwenye kiti cha nyuma cha gari la Pasikali, na mmoja wao, yule mwekundu, alikataa kutoka mpaka mke wangu alipomtoa kwa mikono miwili huku akimwomba radhi. "Nyumba ina mwenyewe, mama," alimwambia. "Hata mimi hapa nimepewa chumba tu na Mwalimu."

Naanza daftari hili kwa sababu nilifundisha sayansi na kazi za mikono kwa miaka thelathini na mmoja, na kila mwaka niliwaambia watoto: jaribio lisiloandikwa ni porojo. Sasa nimestaafu, na nina jaribio.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la mwaka 1963, la milango miwili, fupi kama mtu aliyechuchumaa. Zamani lilikuwa jekundu. Lilikuwa la mfanyabiashara wa kahawa kule Bujumbura, na Pasikali alikuwa dereva na fundi wake. Mwaka 1972, mambo yalipoharibika, tajiri yule aliandika karatasi kwamba gari sasa ni la Pasikali, akampa ufunguo na kumwambia aondoke na watu wake. Pasikali alipakia watu tisa katika gari la watu wanne. Walifika mpaka kwenye mteremko ulio chini ya nyumba yangu, gari likatoa moshi wa buluu, likanyamaza. Tulilisukuma hadi kwenye banda langu la ndizi. Wiki ile ile Immakulata, mkewe, alijifungua mtoto wa kike katika chumba chetu cha wageni. Sasa wana nyumba yao upande wa pili wa migomba.

Mwaka huu chuo kidogo cha ufundi kule Kasulu kinatafuta mwalimu wa magari. Nilimwandikia mkuu wake, Bwana Isihaka, nikamsifu Pasikali kurasa tatu. Jibu lilikuja Jumamosi, nusu ukurasa. Pasikali hana cheti. Vyeti vyake vimebaki alikokimbia. "Bila cheti bodi haitanielewa," Bwana Isihaka ameandika. "Lakini habari za gari hilo zimefika hata huku. Akilileta kwa nguvu za injini yake kabla bodi haijakaa, Jumamosi tarehe 8 Mei, saa sita mchana, gari litakuwa cheti chake. Likija limefungwa nyuma ya trekta, nafasi nitampa kijana wa Mwanza."

Pasikali aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akasema, "Ego, Mwalimu." Ndiyo yake ni hiyo hiyo siku zote. Ni mtu wa maneno machache. Mimi ni wa maneno mengi, tutafaana.

Jumanne, 2 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kuku mwekundu amerudi garini kupitia dirishani. Yai moja.

Ijumaa, 5 Machi

Tumefungua boneti, ambalo kwa gari hili liko nyuma kwa sababu injini iko nyuma. Nataka kueleza hapa kitu ambacho magari mengi hayana.

Injini ya kawaida huvuta pumzi yenyewe, kama mtu aliyelala. Hii hupulizwa, kama mhunzi anavyopuliza moto kwa mivukuto. Moshi unaotoka kwenye silinda, badala ya kwenda zake, hupitishwa kwenye kigurudumu chenye mapanga na kukizungusha. Kigurudumu hicho kimeungwa kwa mhimili mmoja na kingine, na hicho cha pili hushindilia hewa na petroli ndani ya injini. Mafundi wa malori wanakiita tabo. Chote hakizidi boga dogo.

Nguvu hiyo ni ya bure, ila joto lake halina huruma. Moshi unapotoka kwenye silinda unaweza kuufanya mrija wa chuma uwe mwekundu. Na mrija huo unapanda kwenye tabo, na kabureta, yenye petroli ndani yake, iko shibiri mbili tu kutoka hapo. Ni sawa na kuweka jiko na debe la petroli katika chumba kimoja, kisha kufunga mlango.

Nilimweleza Pasikali haya yote kwa nusu saa. Alisikiliza kwa adabu. Mke wangu alikuwa anachambua maharage barazani.

"Baba Verediana," akasema, "huyu ameliendesha gari hilo miaka tisa. Unamweleza nini?"

"Namweleza kanuni."

"Haya. Kanuni."

Kitabu changu cha injini kinasema mrija wa moshi uviringishiwe kamba maalumu ya kuzuia joto. Nimeandikia duka moja Dar es Salaam waitume kwa treni mpaka Kigoma, na kutoka hapo kwa basi.

Jumanne, 9 Machi

Mvua. Basi limekuja, kamba haikuja.

Jumamosi, 13 Machi

Leo limenguruma! Pasikali alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akapuliza mirija yote kwa kinywa chake mpaka mashavu yakamwuma. Alipowasha, watu walitoka hata sokoni. Immakulata alipiga vigelegele akiwa amemshika mtoto mkono. Mimi nilimshika mkono mwalimu mwenzangu mstaafu na kumweleza habari za tabo mpaka akaniambia anaogopa mvua.

Dakika kumi baadaye injini ilianza kukohoa, ikazima. Rangi ya boneti ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua.

Tulikaa tukalitazama. Nikaeleza: injini hii haina maji wala rejeta. Feni huvuta hewa baridi kutoka juu, huipuliza kwenye silinda, na hewa iliyobeba joto hutupwa chini, kwenye mirija ya moshi. Sharti juu na chini visikutane. Pasikali akapitisha kidole kuzunguka injini yote, akanionyesha. Palipokuwa na ukanda wa mpira palikuwa na vumbi jeusi, panya wameumaliza. Kwa hiyo feni inavuta tena joto lile lile lililotupwa chini. Ni kama mtu aliyejifunika gubigubi anayevuta pumzi yake mwenyewe.

Jumatano, 17 Machi

Tumetengeneza ukanda kwa tyubu ya tairi la lori. Mimi nilipima upande wa kushoto kwa rula, nikaandika, nikakata. Pasikali alikata upande wa kulia kwa macho. Wangu ulipungua vidole vitatu. Nimeandika hili kwa sababu jaribio halichagui la kuandikwa.

Injini sasa inakwenda dakika ishirini na tano kabla ya kukohoa. Bado mrija.

Jumapili, 21 Machi

Baada ya misa watu watano wameniuliza gari litaondoka lini. Kamba haijafika.

Alhamisi, 25 Machi

Nimeona haifai kungoja Dar es Salaam. Joto huzuiwa na vitu vingi, na kimojawapo ni udongo. Nilichimba udongo mwekundu nyuma ya choo, nikaukanda vizuri, nikaukandika kwenye mrija wa moshi unene wa dole gumba. Kazi safi. Tukawasha.

Kwa muda kidogo nilijisifu. Kisha ukapasuka kwa kishindo, vipande vikaruka, na kimoja kikatua ndani ya sufuria ya ugali wa muhogo.

Theodosia, mfinyanzi, alikuwa anapita na mitungi yake kichwani. Ni mjane wa makamo yangu, na ana ulimi. Alitua mzigo ili acheke vizuri.

"Mwalimu, umekibana!"

"Nimekibana nini?"

"Chuma. Chuma kikipata moto kinanenepa. Wewe umekivalisha shati la mtoto. Mwanangu alisoma kwako darasa la sita, hukumfundisha hilo?"

"Nilimfundisha! Chuma kikipata joto hutanuka. Nilimpa na jaribio."

"Basi angalau yeye anajua," akasema, akajitwika mitungi.

Jumatatu, 29 Machi

Theodosia amekuja bila kuitwa tena, na kikapu cha udongo. Tangu yeye na jirani zake wahamishiwe kijiji kipya cha barabarani, udongo wake mzuri uko bonde la mbali, na ameubeba mwenyewe. Ni mweusi, na ameuchanganya na vigae vya mitungi iliyovunjika, vilivyotwangwa kama dawa. "Kigae kimeshaona moto," anasema. "Kinamtuliza mwenzake ambaye hajauona."

Tulifungua mrija tukaulaza juu ya mkeka. Kabla ya kuupaka udongo aliuviringishia maganda makavu ya mgomba, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka unene wa kidole. Ncha mbili tu za mrija aliziacha wazi, na hapo tu ndipo udongo uligusa chuma. Nikamwuliza maganda ni ya nini.

"Yataungua," akasema.

"Kisha?"

"Kisha hayatakuwepo, Mwalimu."

Nikatoa daftari papo hapo. Maganda yakiungua yanabaki majivu, majivu yakipulizwa inabaki nafasi tupu: chuma kina mahali pa kunenepea, na hewa iliyonaswa katika nafasi hiyo inazuia joto kuliko udongo wenyewe. Nimefundisha miaka yote kwamba hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuijenga kwa ganda la mgomba.

Jumamosi, 3 Aprili

Udongo umekauka siku nne kivulini, ukachomwa taratibu kwa kinyesi cha ng'ombe na nyasi. Haukupasuka. Juu yake Pasikali ameuvisha bati la debe la mafuta na kulifunga kwa waya, ili ukipata ufa kwa mtikisiko usianguke. Bati jingine amelisimamisha kati ya tabo na kabureta, akalikunja ncha ya chini ili upepo upite pande zote mbili.

Nimegusa kabureta baada ya nusu saa ya mngurumo. Vuguvugu! Theodosia amekataa malipo, ila anataka kupandishwa gari hilo mbele ya shemeji zake.

Jumatano, 7 Aprili

Mvua kubwa. Migomba miwili imeanguka. Kamba haijafika, na sijali.

Jumamosi, 10 Aprili

Safari ya kwanza barabarani. Kabla ya kuondoka nilitoa maelekezo. Petroli ni adimu. Wilaya imetupa kibali cha madebe mawili tu, na kwenda Kasulu tutahitaji karibu yote. Kila dereva wa Kibondo anajua la kufanya: ukifika kileleni unazima injini na kuteleza; ukisimama unazima hapo hapo. "Tone ni tone," nilimwambia Pasikali. "Usiliache lingurume bure hata dakika moja."

Alinitazama kidogo. "Ego, Mwalimu," akasema.

Lilipanda mlima wa njia ya Kasulu kama mbuzi. Kileleni alizima. Tuliteleza kimya, upepo masikioni, mpaka bondeni. Hapo likakataa kuwaka. Tulikaa nusu saa, tukaifunika kabureta kwa kitambaa chenye maji, ndipo likawaka. Tukapanda tena, tukazima, tukateleza, likakataa tena.

Jumatatu, 12 Aprili

Tumerudia. Limekataa mara tatu. Nadhani ni pampu ya petroli.

Jumatano, 14 Aprili

Tumebadilisha pampu. Limekataa mara nne. Pasikali anafanya kila ninalosema na hasemi kitu. Usiku huu naandika neno nisilolipenda: naanza kufikiri ana mguu mzito. Huenda tajiri wa kahawa alimsifu kwa ajili ya wema wake tu, na mimi nimemwandikia Bwana Isihaka kurasa tatu za bure.

Jumapili, 18 Aprili. Pasaka

Wali na kuku (si yule mwekundu). Immakulata ameniuliza kama kijana wa Mwanza ana mke. Nikasema sijui. "Kama anaye, nao kazi hiyo itawapa pa kulala," akasema. Nimemwongezea wali.

Jumatano, 21 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi tulipowasha, tabo ililia kama mlango wa ghala, kisha moshi wa buluu. Pasikali alizima haraka. Uso wake uligeuka. Nadhani sauti ile aliwahi kuisikia. Tukaifungua tabo juu ya meza ya jikoni, maana maji ya mvua yalikuwa yamejaa bandani. Mhimili ulikuwa unazunguka kwa shida, na pale oili inapopita palikuwa na kitu cheusi, kigumu, kinachong'aa.

Mke wangu aliinama akakikwaruza kwa ukucha. "Huu ni ukoko," akasema.

"Mama Verediana, hii ni oili. Imeharibika kwa sababu ya..."

"Najua ukoko nikiuona. Kitu kimeungulia chunguni." Akageuka kwenye meko yake. "Tazama. Maharage haya nimeyaepua saa hizi. Yanafanya nini?"

Yalikuwa yanachemka.

"Hayana moto chini," akasema, "lakini chungu kina moto wake. Nikiacha kukoroga sasa hivi, yatashika chini. Kwa hiyo nakoroga mpaka chungu kipoe, ndipo nakaa. Kila mtoto wa kike wa hapa anajua."

Nilitazama chungu. Nilitazama tabo. Kisha nikasikia aibu ikinipanda kutoka miguuni.

Oili hutembea kwenye tabo pale tu injini inapozunguka. Ukizima injini baada ya mlima, tabo bado ni nyekundu kwa joto, na oili iliyobaki ndani haitembei tena. Inaungua, inakuwa ukoko. Feni nayo imesimama, kwa hiyo joto lote linapanda juu, linafika kwenye kabureta, petroli inageuka mvuke, na injini haiwezi kunywa mvuke. Hatukuwa na shida ya pampu. Tulikuwa na shida ya Mwalimu aliyesema tone ni tone.

Nikauliza polepole, "Pasikali, tajiri wako alikufundisha kuzima vipi?"

Alikuwa anapangusa spana iliyokwisha pangusika. Immakulata, aliyeleta maji, akasema, "Mwambie."

"Mwambie wewe."

"Mimi sikuwa shoferi."

Pasikali akaweka spana chini. "Bwana alinifundisha, tukifika mahali, nisizime. Nihesabu mpaka mia, moteri ipumue, ndipo nizime. Miaka tisa nilihesabu. Watoto wake waliniita Bwana Mia."

"Na mwaka wa sabini na mbili?"

"Siku ile sikuhesabu." Akaiokota tena spana. "Ilikuwa usiku, na barabara ilikuwa na watu wabaya. Kila mteremko nilizima tupite kimya. Kila mteremko, Mwalimu. Nilijua naliua gari. Lakini nyuma palikuwa na watu wanane na mmoja tumboni."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mke wangu aliendelea kukoroga, taratibu.

"Sasa mbona," nikasema, "mbona mlimani hukuniambia? Ulijua!"

"Nilijua."

"Wiki nzima unaniona nalaumu pampu!"

"Mwalimu," akasema, "nilikuja kwako na watu tisa na gari bovu. Ukatupa chumba. Ungesema nilizime kwa nyundo, ningetafuta nyundo. Mgeni hamsahihishi mwenye nyumba mbele ya kuku wake."

Nimekuwa mwalimu karibu maisha yangu yote, na katika miaka hiyo nimewaambia maelfu ya watoto waulize maswali. Leo nimejua kwamba kuna mtu alikuwa na jibu, na adabu niliyoipenda kwake ndiyo iliyolifunga. Nilikuwa nimeiita heshima, na nilikuwa nimeridhika nayo.

Nikasimama nikampa mkono. "Nisamehe, mwanangu. Kuanzia leo fundi ni wewe, mimi nashika spana. Na nikikosea, sema, 'Hapana, Mwalimu.'"

"Ego, Mwalimu."

"Si hivyo. Jaribu."

Akatazama chini. "Hapana, Mwalimu," akanong'ona.

"Kwa sauti. Nimesema: tuikwangue tabo hii kwa kisu!"

"Hapana, Mwalimu! Kisu kitakwaruza mhimili. Tutumie kijiti cha mwanzi na mafuta ya taa."

"Umeona? Si vigumu."

"Mimi nalisema neno hilo huu mwaka wa thelathini na nane," akasema mke wangu kutoka mekoni, "na hajalisikia hata siku moja. Pasikali, nifundishe."

Jumamosi, 24 Aprili

Siku mbili za mwanzi na mafuta ya taa. Mhimili unazunguka kwa kidole kimoja. Oili mpya. Kazi yangu ilikuwa kushika taa na kunyamaza. Ya kwanza niliifanya vizuri.

Jumatano, 28 Aprili

Mlima wa njia ya Kasulu, mara tatu. Hatukuzima kileleni. Bondeni tulisimama, Pasikali akahesabu mpaka mia, akazima, akawasha. Likawaka. Mara tatu kati ya tatu!

Petroli imepungua kuliko nilivyopanga. Nimepiga hesabu: inatosha kufika Kasulu. Kurudi haimo.

Jumatano, 5 Mei

Mvua zinapungua. Basi limekuja, kamba haikuja. Kijana wa Mwanza, nasikia, ameshafika Kasulu na sanduku lake.

Kasulu, Jumamosi, 8 Mei

Tuliondoka kabla jua halijatoka: Pasikali, mimi, na mke wangu, ambaye alisema hawezi kuachwa na jaribio lililotatuliwa mekoni kwake. Alikuja na chungu cha maharage magotini. Theodosia tulimpandisha mpaka kwa shemeji zake, kilomita mbili; alishuka polepole sana.

Barabara ilikuwa tope zito mpaka Malagarasi. Pale darajani tulisimama, Pasikali akaanza kuhesabu, na chini ya kiti cha nyuma kitu kikasema koo-koo. Kuku mwekundu. Hakuna aliyemwona akiingia. Mke wangu alimweka pembeni ya chungu na kumwambia asitazame ndani.

Karibu na Makere tulikwama saa nzima, tukasukumwa na wanakijiji. Walipomaliza, Pasikali aliliacha gari lingurume akihesabu kwa sauti, na watoto wakahesabu naye. Dereva wa lori aliyekuwa amesimama pale akapiga kelele, "Wazee, mnachoma mafuta bure! Zima!"

Pasikali akachungulia dirishani. "Hapana, kaka," akasema. "Bado themanini na moja."

Nilitazama pembeni ili asione nilivyofurahi.

Mpando wa mwisho wa kuingia Kasulu tuliuanza saa tano na nusu. Injini ilifanya kazi kubwa. Tabo ikapiga mluzi wake mwembamba. Nilinusa joto, lakini joto safi, la chuma, si la petroli. Mshale wa petroli ulikuwa umelala. Sikueleza chochote. Mke wangu anaweza kushuhudia.

Saa sita kasoro dakika nane tuliingia uwanja wa chuo. Bwana Isihaka alitoka mbio na koti zito. Ni mtu wa Tanga, na ubaridi wa huku haujamsamehe.

"Shikamoo, Mwalimu! Shikamoo, mama! Jamani, mmefika kweli! Haya, zima, zima, bodi iko ndani inapanga karatasi!"

Pasikali akanitazama. Mimi nikamtazama kuku.

"Bado, Mkuu," Pasikali akasema.

"Bado nini? Nimesema zima, twende ndani. Zimebaki dakika saba."

Mkuu ndiye aliyeshika kazi yote ya Pasikali mkononi, na alikuwa anamwambia azime. Nilifungua mdomo. Mke wangu akanikanyaga.

"Hapana, Mkuu," akasema Pasikali, kwa sauti. "Tumetoka mlimani. Tabo ni nyekundu. Nikizima, oili inaganda ndani yake na kuungua, na kesho gari hili ni banda la kuku tena. Naomba mia moja tu."

Sentensi nne. Mimi ilinichukua nusu saa tarehe 5 Machi.

Bwana Isihaka alitazama saa, akatazama gari, akakunja mikono ndani ya koti. "Haya. Moja," akasema.

Tulihesabu wote. Ilipofika hamsini wanafunzi walikuwa wametuzunguka. Ilipofika mia Pasikali akazima, na ukimya ulikuwa mkubwa mpaka tukamsikia kuku.

"Sasa liwashe," akasema Bwana Isihaka.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, likiwa na moto. Ndiyo nitajua."

Liliwaka mara moja.

Bwana Isihaka alimshika Pasikali bega, akamwingiza ndani akiwa na tope mpaka magotini. Dirisha la chumba cha bodi lilikuwa wazi, na nikasikia mtu mmoja wa bodi akiuliza, "Cheti cha huyu bwana kiko wapi?"

"Kimeegeshwa nje," akasema Bwana Isihaka. "Kina kuku."

Kibondo, Jumatatu, 17 Mei

Mvua zimekwisha, leo ni vumbi la kwanza. Pasikali anaanza kazi juma hili, na Immakulata na mtoto wamemfuata jana kwa basi. Kijana wa Mwanza amepewa darasa la useremala, kazi aliyoisomea hasa. Banda la ndizi ni tupu, na kuku mwekundu amebaki Kasulu kwa hiari yake.

Basi lililowachukua ndilo lililoleta kamba. Inapungua shibiri moja. Mke wangu ameiviringisha mara mbili na sasa anaepulia masufuria. Anasema Dar es Salaam hatimaye wamefanya kitu cha maana.

Jioni nilimfuata mekoni nimweleze kwa nini kamba ile haimwunguzi. Alikuwa ameepua chungu muda huo huo.

"Baba Verediana," akasema bila kugeuka, huku akikoroga, "hesabu kwanza mpaka mia."

Nikahesabu. Nilipofika sitini na kitu, nikachukua mwiko nikamsaidia.